Kutoka Tesla 1.5 kwenda Tesla 3: je, kipimo cha gadolini kipunguzwe?

Mwenzetu ameuliza: wamehamia mashine ya MRI ya Tesla 3 kutoka ya 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na bosi wake anataka kontrasti, yaani dawa ya gadolini anayochomwa mgonjwa ili picha ionyeshe vizuri, ikatwe nusu kwa kuwa sumaku imekuwa maradufu. Nimefanya kazi na mashine zote mbili kwa miaka. Jibu langu ni hapana, si kwa hesabu hiyo.

Watu hudhani sumaku ikiongezeka, dawa nayo inapata nguvu. Kumbe gadolini za kawaida hufupisha T1 (muda wa tishu kurudi katika hali yake baada ya kupigwa mawimbi; ukiwa mfupi, tishu inang'aa) kwa nguvu pungufu kidogo kwenye Tesla 3, na zile zinazojishika na protini za damu hupungukiwa zaidi. Kinachotusaidia ni tishu yenyewe: T1 yake hurefuka sumaku inapopanda. Chukua tishu yenye T1 ya milisekunde 1000 kwenye 1.5, ambayo kwenye 3 inafika 1300. Dawa ileile, kiasi kilekile, inaishusha ya kwanza hadi kama 330 na ya pili hadi kama 380. Ya kwanza imepungua mara 3, ya pili mara 3.4 hivi. Ndiyo maana uvimbe unang'aa vizuri zaidi. Faida ipo, ila haifiki maradufu.

Upande wa kiasi cha dawa ndio unaonigusa zaidi, maana hapo nimeona watu wakiumbuka. Siku moja nilipanga vichupa vya gadolini ya ukali tofauti kwenye beseni la maji nikavipiga picha ya T1. Chenye milimoli 1 kwa lita (milimoli ni kipimo cha wingi wa dawa) kiling'aa, cha 5 vilevile. Cha 50 kikafifia. Dawa isiyochanganywa, yaani milimoli 500, ilikuwa nyeusi tii, nyeusi kuliko maji. Gadolini ikizidi, T2, yaani muda ambao mawimbi ya tishu hudumu, nayo inafupika mno, mawimbi yanakufa kabla mashine haijayasikia. Utaliona hilo hata kwenye kibofu: mgonjwa amelala chali, mkojo wenye dawa nyingi unatuama chini ukiwa mweusi, juu yake utepe mweupe, kisha mkojo wa kawaida. Mara ya kwanza niliuona nikadhani ni damu iliyoganda. Kuna kituo walichoma kontrasti ndani ya goti bila kuizimua, na kiungo kizima kikatoka cheusi, mgonjwa akarudishwa siku nyingine. Kwenye kiungo tunataka kama milimoli 2 kwa lita tu.

Kwa hiyo bakini na milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Zamani wengine walipanda hadi 0.3 kuwinda saratani ndogo zilizosambaa kwenye ubongo. Tangu 2006, gadolini ilipohusishwa na ugonjwa wa ngozi kukakamaa kwa wenye figo dhaifu, sioni sababu ya kuchezea huko. GFR, yaani kipimo cha jinsi figo zinavyochuja damu, ikiwa chini ya 30, zungumza na daktari wa mionzi kwanza.

Nusu dozi ipo kihalali: gadopiclenol, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, hutolewa kwa 0.05. Hapo ni molekuli yenyewe iliyo kali, sumaku haihusiki.

Jambo la mwisho, na tafadhali mlichukulie kwa uzito: dawa nyingi zina moli 0.5 kwa lita, lakini gadobutrol ina 1.0. Mgonjwa wa kilo 70 anapata mililita 14 za ile, mililita 7 za hii. Someni chupa kabla ya kujaza sindano.