Kuanza kazi ya ununuzi wa kiufundi katika mbio za magari
Umeuliza kama ni lazima uwe mhandisi ndipo timu ya mbio za magari ikuajiri kununua vipuri. Si lazima, lakini jifunze kwa bidii kusoma michoro ya kihandisi, kwa sababu mnunuzi asiyejua ni tofauti gani ya vipimo inayoruhusiwa kwenye mchoro, wala kwa nini aloi fulani ya titani imechaguliwa, hawezi kujadiliana na karakana inayodai wiki sita ilhali kipuri kinahitajika kabla ya mbio zijazo. Bei nayo ina uzito, hasa tangu Formula 1 iweke ukomo wa matumizi ya fedha kwa timu mwaka 2021. Ningekushauri uanzie kwa watengenezaji wa vipuri vya magari au ndege. Timu nyingi za Formula 1 ziko Uingereza, ambako vyeti vya CIPS, taasisi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, vinatambulika.