Gamba linakua, kwa hiyo lina uhai?

Umeuliza kama gamba la konokono ni kitu hai, kwa kuwa linaongezeka kadiri mwenyewe anavyokua. Jibu fupi: hapana. Limetengenezwa na kiumbe hai, ila lenyewe halina seli. Sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya chokaa, na protini kidogo ya kuyashikanisha. Halijikuzi. Ngozi laini ya konokono ndiyo inayotoa madini hayo na kuyapaka kwenye ukingo wa mdomo wa gamba, kama fundi anavyoongeza matofali ukutani. Ndiyo maana ile ncha ya katikati ni sehemu ya zamani kuliko zote, ya tangu utotoni. Likipasuka kidogo, anayeziba ufa ni konokono mwenyewe. Akishakufa, ufa unabaki hivyohivyo.

Kaa naye ganda lake la nje halina uhai, na haliwezi kutanuka, kwa hiyo hulivua na kuumba jingine.

Sasa usije ukamwingiza kobe humo! Gamba lake ni mifupa kabisa, imeungana na mbavu na uti wa mgongo, ina seli, mishipa ya damu na neva. Ukimgusa mgongoni anahisi. Tabaka la juu tu, vile vigae vya keratini, ndilo lililokufa, sawa na kucha zako. Zile hadithi za kobe kutoka ndani ya gamba lake zibaki kwenye katuni.

Kwenye mtihani, ukiulizwa kuhusu gamba tupu la konokono, andika si kitu hai, kisha taja kwamba limetokana na kiumbe hai.