Kiinua Mgongo na Hisa za Betri Mpya

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Langoni, Lamu. Mpwa wangu ananihimiza nitoe shilingi 200,000 katika kiinua mgongo changu ninunue hisa za kampuni ya Marekani inayotafiti betri za elektroliti mango, akidai kuwa zitakapoingia sokoni, betri za sasa hazitanunuliwa tena. Je, nikubali?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kuhusu ubora wa betri yenyewe, mpwa wako hakukosea. Katika betri ya lithiamu tuliyoizoea, ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, hupita ndani ya majimaji (elektroliti) yanayoweza kushika moto. Yakibadilishwa kwa kitu kigumu, kwa mfano kauri, ambacho ndicho elektroliti mango, betri inatarajiwa kubeba umeme mwingi zaidi kwa uzito ule ule. Lakini betri kuwa bora ni jambo moja, na mwenye hisa kupata faida ni jambo jingine kabisa.

Kampuni ya A123 Systems ya Marekani iliingia soko la hisa mwaka 2009 ikiwa na betri za lithiamu na fosfati ya chuma, na mwaka 2012 ikafilisika. Betri za aina hiyo hazikufa. Ndizo zinazofungwa leo katika nyumba nyingi zenye sola, na pengine hapo mtaani kwako zipo. Walioumia ni wenye hisa. QuantumScape nayo, kampuni ya Marekani ya betri za elektroliti mango ambayo haikuwa na mapato yoyote ya mauzo, hisa yake ilipita dola 100 Desemba 2020, na mwaka 2022 ulipokwisha ilikuwa chini ya dola 10.

Kampuni ya namna hii hutumia fedha miaka mingi kabla ya kiwanda kusimama, na kila inapopungukiwa huuza hisa mpya, hivyo fungu lako hupungua hata kama hukuuza chochote. Wakati huo huo washindani wakubwa, kama CATL ya China, wanaendelea kuboresha betri zilizopo na kutengeneza za sodiamu.

Kwa maoni yangu, usitoe shilingi 200,000. Ukipenda kushiriki, usizidishe 20,000, na ziwe fedha ambazo zikipotea hazitagusa chakula wala matibabu yako. Kabla ya hapo, muulize mpwa wako jina la dalali, ulitafute katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Na ukiambiwa utume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi, kataa.