Usimuuze dume wa Dorper bado
Ndugu yangu wa Magu, umeuliza kwa nini watoto wa dume mmoja wa kondoo aina ya Dorper wanapishana ukubwa hivyo wakifika miezi mitatu. Kabla ya kumuuza dume huyo, angalia nani ni pacha na nani mama yake kazaa mara ya kwanza: hao huanza na uzito mdogo na maziwa haba. Usiwalinganishe na mwanakondoo aliyenyonya peke yake. Pima wakizaliwa, kisha siku ya 90.

Halafu minyoo! Dorper huelemewa kuliko kondoo wekundu wa Kimaasai. Geuza kope la chini. Pakiwa peupe badala ya pekundu, huenda damu inanyonywa na minyoo. Na majani ya majimaji kando ya ziwa yana konokono wanaoeneza minyoo ya ini. Ukiona uvimbe chini ya taya, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usibahatishe dawa.