Begi la shule linamuumiza mgongo

Swali: Mwanangu ana miaka 9, akirudi shule anashika kiuno na mabegani ana alama nyekundu za mikanda ya begi, nifanyeje jamani?

Jibu: Pole sana mzazi mwenzangu. Lipime hilo begi leo leo, lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo 30 mwisho kilo 3 hadi 4 na nusu, halafu mwaga kila kitu mezani maana mara nyingi utakuta madaftari ya vipindi ambavyo kesho havipo kabisa. Vitabu vizito vigusane na mgongo, avae mikanda yote miwili, na uikaze begi lisining'inie chini ya kiuno. Ila akisema mikono inakufa ganzi, mpeleke hospitali, usisubiri.