Yungiyungi majani tele, ua hata moja hakuna
Dada, umeuliza kwa nini yungiyungi lako, hilo ua la majini, halichanui, na umesema beseni ulilolipanda umeliweka chini ya mwembe. Basi shida ni hiyo. Yungiyungi linataka jua kwa muda wa saa sita hivi kila siku, kivulini litakupa majani tu. Lisogeze uani. Na hiyo samadi uliyochanganya itoe, inalisha mwani, vile vimea vidogo vya majini, ndiyo maana maji yamekuwa ya kijani. Mimi hapa Tabora natumia udongo mweusi wa mbugani, ule unaong'ang'ania jembe kama ugali kwenye mwiko, juu natandaza kokoto usitibuke. Maji juu ya udongo yasizidi sentimita 30. Mbu? Tia visamaki vidogo vile vya mtoni. Perege usithubutu, watakufukulia mizizi yote.