Kuhusu ile nyumba ya mbao mliyoiona kwenye picha yangu

Shangazi, na nyie wengine mliojaza grupu la familia kwamba nimepewa nyumba ya bure na serikali ya Japani na sasa naringa, naomba mnisikilize maana nimechoka kuambiwa "wewe si unakaa kwenye jumba". Nyumba nimepanga, iko milimani huku Nagano, nimeichukua kwa sababu ni ya zamani na kodi yake ndogo, basi.

Ni nzuri, hilo sikatai. Nguzo zimekaa juu ya mawe tu, hazijachimbiwa, na boriti zimeungwa ulimi kwa tundu, msumari huuoni. Mafundi wa huku mbao wanaijua kweli, hekalu la Horyu-ji kule Nara lina majengo ya mbao yamesimama zaidi ya miaka 1,300. Chini kuna tatami, mkeka mnene wa mabua ya mpunga uliovalishwa nyasi za kusuka, na chumba hakipimwi kwa futi, kinahesabiwa mikeka, changu ni mikeka 6. Pembeni kuna engawa, mtu wa Tanga akiiona ataiita baraza, na upenu wake umetokeza mbali unazuia jua la mwezi wa saba. Siku ya kwanza nilikaa pale nikamkumbuka babu na kahawa yake.

Sasa baridi. Upande wa engawa ukuta hakuna, kuna shoji, milango ya kutelezesha, yaani fremu ya vijiti imebandikwa karatasi. Karatasi jamani! Majira ya joto ya huku yana unyevu kama kwetu kabla ya masika, kwa hiyo wazee wao walijenga ili upepo upite, chini ya sakafu, katikati ya vyumba, mpaka juu kwenye paa. Mtawa mmoja, Yoshida Kenko, aliandika tangu karne ya 14 kwamba nyumba ijengwe kwa kufikiria joto, wakati wa baridi mtu ataishi popote. Mimi nimeishi humo baridi nzima, na sikubaliani naye hata kidogo.

Asubuhi naamka kitambaa cha vyombo kimeganda kwenye sinki, kigumu kama ubao, na pumzi yangu naiona nikiwa bado nimelala. Nawasha hita ya mafuta ya taa, hayahaya tuliyokuwa tunatia kwenye koroboi, dumu la lita 18, nikizima tu joto lote limeshatoka. Joto la uhakika liko chini ya kotatsu, meza fupi iliyofunikwa mfarishi na hita ya umeme chini yake, miguu inaiva mgongo unaganda.

Na hapa ndo nilipokuwa nawaficha. Pesa ya mama ya mwezi wa kwanza na wa pili iliishia kwenye mafuta ya taa. Sikusema kwa sababu niliona aibu, nimemwacha mama chini ya bati linalovuja halafu nilalamike baridi?

Habari za nyumba za bure zina chembe ya ukweli. Mwaka 2023 serikali yao ilihesabu nyumba tupu kama milioni 9, na vijijini nyingine zinauzwa kwa bei ya kutupwa. Ila kununua nyumba hakukupi kibali cha kuishi, utakuwa na nyumba na viza imekwisha, na paa la kutengeneza, na mchwa, na kodi ya kila mwaka.

Kwa hiyo mdogo wangu unayetaka kuuza kiwanja uje, usiuze. Usije. Lakini kama umepata skolashipu au mkataba wa kazi uliousoma mwenyewe mpaka mwisho, njoo, nitakupokea, ukapange apatimenti mpya yenye kuta nzito, nyumba kama hii uiache. Ingawa na wewe ulale kwenye tatami walau usiku mmoja wa mwezi wa nane milango yote ikiwa wazi, utajua kwa nini sijahama.

Juzi nilitoboa shoji kwa kiwiko. Bibi jirani akaja na mkasi, akakata karatasi umbo la ua, akabandika pale kwenye tundu akanipigapiga begani.

Mama, nimetuma leo asubuhi, ya mwezi huu pamoja na nusu ya deni. Nunua bati la upande wa jikoni kwanza.